Kwa Baba, Aliyeimwagia Barabara Chai

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotoka nje na birika la chai iliyolala. Ulifanya hivyo kila siku kabla ya kifungua kinywa. Unavuka kizingiti na kandambili zako, unasimama ukingoni mwa Barabara ya Mfereji, unaimimina chai ya jana kwenye ufa mrefu ulio mbele ya nyumba yetu, kisha unachuchumaa kutazama inavyozama. Maji yakipotea upesi na majani ya chai yakabaki juu, ulitikisa kichwa, kwa kuwa msingi ulikuwa unayanywa. Siku hiyo tulisikia birika likianguka. Mama alidhani limekuponyoka tu, akaita kutoka jikoni, "Si kitu, Baba Po-hung, lipo jingine!"

Hukujibu. Tulipotoka, chai ilikuwa bado inazama.

Wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu na hawakukujua wajue kwamba Mhandisi Chien Ming-tse hakuwahi kujenga barabara mpya hata moja. Ulipewa zilizochoka. Kazi yako ilikuwa kuamua barabara kuukuu ivikwe tabaka jipya la lami la unene gani ili iweze tena kubeba malori ya kokoto yatokayo mtoni, na ni wapi pachimbuliwe kwanza, kwa sababu lami mpya haiponyi msingi uliooza. Ulikokota kile kigari chenye uzito wa kuangushwa, unauangusha hapa, unauangusha pale, mashine inakuonyesha barabara imebonyea kiasi gani. "Ni kama daktari anayebinya tumbo," ulituambia tukiwa wadogo. "Mgonjwa akiguna, hapo hapo."

Nyumbani ulituletea mapande ya lami, yale ya mviringo kama vigogo vya kuni, yanayotolewa barabarani kwa mashine ya kutobolea. Ulipenda kuyaweka dirishani na kutuonyesha matabaka yake. Mama alilichukua moja zito, lililotobolewa hapa hapa Barabara ya Mfereji, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki na kulifanya jiwe la kukandamizia achari yake ya majani ya haradali mtungini.

"Achari yangu ikinuka lami utaila mwenyewe," alikuambia.

"Nitaila. Itanuka kazi halali."

Tunakumbuka pia kwamba kila asubuhi ulimsukumia jirani yetu Mama A-lien kigari chake cha kuuzia tofu laini ya soya pale kwenye mashimo kando ya mfereji, hata ukiwa umevaa shati la ofisini. Yeye alikulipa kwa bakuli moja na dharau nyingi. "Mhandisi mzima, anaogopa tangawizi kuliko lori!" alipiga kelele mtaa mzima usikie, akikumiminia sharubati tupu ya sukari. Ulikula ukiwa umesimama, ukacheka mpaka miwani ikapata ukungu.

Tungependa kuishia hapo. Lakini mwaka huu umetujaza kinyaa, na wewe hukupenda mtu afunike kitu kibovu kwa kitu kizuri.

Unamkumbuka Mkuu wa mji wetu, Bwana Tsao, alipokuja kula kwetu miezi michache kabla hujatuacha. Alikaa kwenye kiti chako. Alitema tambuu nyekundu kwenye kikombe cha chai na kukiacha mezani. Mama alikuwa anaandaa, sisi tulikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi.

"Mhandisi, mimi sitaki kuchimba," alisema. "Nataka kupaka. Uchaguzi ni Novemba."

"Kando ya mfereji msingi umelowa. Tuchimbue pale, tutoe maji, ndipo tuvike lami ya unene wa kiganja."

"Kiganja! Lami ya kiganja inanipa barabara moja. Lami ya kidole inanipa barabara zote."

"Huko ni kumpaka poda mtu mwenye jipu."

Alicheka sana, akachokonoa meno, akajiongezea achari. "Shemeji, mikono yako ni dhahabu!"

"Si kitu," Mama alisema. "Ongeza."

"Saini yangu hutaipata," ulimwambia, na ukaondoka mezani hujamaliza wali wako. Hatukuwahi kukuona ukiacha wali.

Kwenye mazishi yako alileta shada la maua kubwa kuliko yote, utepe wake ukiwa na jina lake kwa herufi kubwa na lako kwa herufi ndogo. Alisimama kando ya picha yako apigwe picha. Kisha akaomba apigwe tena, kwa kuwa ya kwanza alikuwa amefumba macho.

Oktoba wakaja na lami. Hawakuangusha uzito wowote, hawakutoboa popote, hata kufagia hawakufagia. Waliimwaga juu ya ufa wako na majani yako ya chai yakiwa bado humo, unene wa kidole, nyeusi ya kung'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wakatundika bango lenye uso wake akitabasamu. Watu walipiga makofi, akashinda. Wapambe wake walipita wakicheza juu ya lami ile changa, na kesho yake ilikuwa imejaa madoa mekundu ya mate yao.

Mvua za Mei ziliifunua. Kila lori lilipopita, nyufa zilifumbuka na kuchuruzika tope la kijivu, kama usaha unaokamuliwa. Lilinuka. Tulilifagia mlangoni, likarudi. Halafu kipande kizima kikabanduka kando ya mfereji, na gurudumu la Mama A-lien likaingia humo. Hapakuwa na mtu wa kumsukumia. Tulimkuta chini katikati ya tofu na tope, mkono umevunjika, analia si kwa maumivu bali kwa hasira.

Watu walipouliza kwenye mkutano wa mtaa, Bwana Tsao alivaa uso wa msiba. Alisema: "Ndugu zangu, huu ulikuwa usanifu wa marehemu Mhandisi Chien. Tuliheshimu wosia wake."

Wosia! Mtu uliyemnyima saini ukiwa hai anakupachikia wosia ukiwa umekufa, na sauti yake haitetemeki.

Tangu siku hiyo Mama A-lien alihamisha kigari ng'ambo ya pili, akawa haangalii upande wetu. Sokoni muuza samaki alimuuliza Mama mbele za watu, "Mumeo alikula kokoto ngapi?" Mama alisema si kitu. Alirudi na mboga zake, akaziweka vizuri mezani, akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Ndivyo tulivyofika siku ya kutimiza mwaka wako, siku ambayo majivu ya udi ya chetezo chako kidogo huhamishiwa kwenye chetezo cha wazee wa ukoo, na jina lako huandikwa pamoja na yao. Baada ya hapo marehemu hakai tena peke yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo Kaka Po-hung aliuliza kile ambacho sote tulikuwa tunakiogopa: "Tunampeleka kwa babu akiwa na tope hili mgongoni?"

Mama alipika vyote: samaki wa mvuke, wali, machipukizi ya mianzi, na achari. Tukavirusha vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, kukuuliza kama umeshiba. Vyote viwili viliangukia tumbo, upande ulio bapa. Hapana.

"Mwacheni ale taratibu," Mama alisema.

Hapo hapo Bwana Tsao akaingia, hana hodi, na kikapu cha matunda chenye utepe wa uso wake.

"Shemeji, nimeleta heshima. Tutasimamisha jiwe pale barabara inapoanza: Imesanifiwa na Mhandisi Chien Ming-tse. Jumamosi uje ufunue kitambaa, wapiga picha watakuwepo. Watu wataona familia imekubali, na maneno yataisha."

Kaka aliinuka. Mama alimshika mkono wa shati. "Si kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Mheshimiwa, kunywa chai."

Alikunywa. Alikuwa ameshachukulia kwamba tumekubali. Akainuka, akasogea madhabahuni, sisi tukadhani anataka kukuinamia. Alinyoosha vidole viwili, akachota achari kwenye sahani yako. Yako, Baba, na ulikuwa umetoka kutuambia hujamaliza kula.

"Bado tamu!" alisema, akavipangusa vidole kwenye kitambaa cha madhabahu.

Mama akaenda jikoni. Bwana Tsao alitoka nje akisalimia majirani, huyu bega, yule mkono. Alikuwa katikati ya barabara Mama alipomfuata, na mikononi amebeba lile pande la lami kutoka mtungini, linadondosha maji ya chumvi mpaka viwiko.

"Simama hapo."

"Shemeji?"

"Mimi si shemeji yako."

Aliuchana mfuko kwa meno. Akalishika pande na kulivuta, na matabaka yakaachana bila shida, kwa sababu hayakuwahi kushikana. Aliyaangusha moja moja miguuni pa Bwana Tsao.

"Hili ni la uchaguzi uliotangulia huu wako. Hili la uchaguzi wa kabla yake. Na hili la chini, linuse. Linuse! Ni tope. Mume wangu alitaka tope litolewe. Wewe ulikataa, mezani kwangu, na achari yangu mdomoni, na mimi ndiye niliyekuwa nakuandalia."

Bwana Tsao alitabasamu kama kwenye bango.

"Majonzi hayo, Shemeji. Tunaelewa. Si kitu."

"Ni kitu!" Mama alisema. Hatukuwahi kuisikia sauti ile ndani ya nyumba yetu. "Saini yake hukuipata akiwa hai, na mimi sikupi akiwa amekufa. Lisimamishe jiwe lako, nitakuja kulitemea mate mbele ya wapiga picha wako. Unanitia kinyaa. Mwaka mzima nimekumeza. Leo nakutema."

Ng'ambo, Mama A-lien alikuwa amesimama na mwiko, mkono mwingine ukining'inia kwenye kitambaa. "Kumbe alikataa?" aliuliza.

"Alikataa. Aliacha wali."

"Mhandisi? Aliacha wali?" Hilo ndilo lililomwingia. Alichota bakuli kwa mkono wa kushoto, akavuka, na alipompita Bwana Tsao akamwambia bila kumtazama, "Sogea, Mheshimiwa. Hapo uliposimama panabonyea."

Aliliweka bakuli mbele ya picha yako. "Kula, mwoga wewe. Sikuweka tangawizi." Kisha akafunika uso kwa mkono wake mzima.

Mama aliitupa achari ile, akaiosha sahani mara nyingi, akakupakulia nyingine. Kikapu Kaka alikirudisha ofisini kwa mwenyewe, utepe umegeuzwa chini. Tulirusha vile vipande mara ya pili, vyote vikalalia mgongo, maana yake unacheka. Shangazi alitaka turushe tena haraka. Mama akamzuia: "Mwache acheke. Amenuna mwaka mzima." Tulingoja udi mmoja uishe. Mara ya tatu kimoja kililalia tumbo na kimoja mgongo, ukawa umekubali, nasi tukayahamisha majivu yako, kijiko kwa kijiko, kwa babu na bibi.

Hatutaki kukudanganya, Baba. Barabara bado inatapika kila lori likipita. Tumesikia jiwe limekwisha chongwa na liko mahali fulani limefunikwa turubai. Muuza samaki bado hajamwomba Mama radhi, ingawa wiki hii alimwongezea dagaa. Kigari cha Mama A-lien kimerudi upande wetu, na Kaka, akiwa likizoni, hukisukuma. Anasema ni kizito kuliko ulivyokuwa ukituonyesha.

Na kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, Mama anatoka na lile birika lililobonyea. Anamimina chai ya jana kwenye ufa, anachuchumaa kwa shida, anatazama. Majani yanabaki juu.

Unakumbukwa na mkeo, Pai Yueh-hsia. Mwanao Po-hung na mkewe. Dada yako, Shangazi A-kim. Jirani yako wa tofu, ambaye ameomba jina lake liwemo. Na mimi, bintiyo Jo-an, ambaye unajua sauti yake haifiki hata mlangoni, ndiyo maana nimepewa kuandika.

Tunakisema hapa, mbele ya kila asomaye: Barabara ya Mfereji si yako, Baba. Wewe ni wetu, na daima tutakukumbuka.