Taka Zake ni Mali Yake

Mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi bado napumua. Siku hizi daktari anasema nami kwa upole mno, na mtu aliyefundisha biolojia maisha yake yote hawezi kukosa maana ya upole huo.

Kiwanja cha mboji kinaendelea vizuri. Seremala bado analeta maranda ya kufunikia mabaki, na wafanyakazi hugeuza marundo kabla hayajanuka. Juzi mwoka mikate alikuja kunijulia hali, akasema bila mimi uchochoro wa nyuma ya mikahawa ungekuwa unatembea wenyewe kwa wingi wa funza. Nilicheka hadi nikakohoa.

Unakumbuka nilivyowabembeleza mlango kwa mlango nilipostaafu. Muuza juisi aliniuliza kama pensheni imekatwa hata naombaomba maganda. Nilimjibu ayatie kwanza kwenye ndoo, ndipo anicheke. Mmoja mmoja walikubali, wote wakanisifu kuwa napenda udongo.

Udongo siupendi kiasi hicho. Mlango wa Kitambi, mwenye mkahawa, sikuugonga.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni siku ile mama, aliyekuwa mwosha vyombo wake, alipolazimishwa kumwaga mfuko wake mbele ya wateja, kwa sababu ya mikate iliyobaki mezani aliyokuwa akituletea. Kitambi aliimwagia mafuta ya taa, akasema hata taka zake ni mali yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri mama. Tangu siku hiyo mama hakuinua tena uso mtaani, hadi tulipomzika.

Basi nilimwachia mali yake. Nilijua panya na nzi huenda wapi mapipa yote yakifunikwa na moja likabaki wazi. Walihamia kwake wote, na wateja wakamkimbia. Mwishowe alikuja kiwanjani mwenyewe, mzee, amebeba ndoo. Aliniita mwalimu, akaniomba naye nimchukulie mabaki yake. Nilimpa kiti, nikamwambia shimo la mboji limejaa. Lilikuwa karibu tupu, naye aliliona. Haukupita muda bwana afya akalifunga jiko lake. Alipokufa sikwenda msibani.

Sijuti, na usiniombee nijute.

Sasa mwanawe amelifungua tena jiko lile. Ana adabu, hana kosa, na kila wiki anakuja kuuliza kama shimo lina nafasi. Namjibu nilivyomjibu baba yake. Nikiondoka, funguo za kiwanja ni zako. Mpokee kijana huyo, mdogo wangu, maana wewe huna kinyongo na mabaki ya jikoni. Ila subiri kwanza nizikwe. Nataka niende nikiwa bado nimemkatalia.

Nisalimie shemeji, na uwaambie watoto mama yao mkubwa anawakumbuka wote, hata yule mkorofi.

Wako wa tumbo moja,
Dada Mkubwa