Sungura Waliopelekwa kwa Mjomba

Baba,

Naanza na lile ambalo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali yangu. Sungura wako wamekwisha. Hakubaki hata mmoja. Kama huko uliko mtu anaweza kukasirika, kasirika sasa, halafu unisikilize.

Waombolezaji walikuwa wengi kuliko chakula. Unawajua watu wetu. Wengine hawakukujulia hali mwaka mzima ulipokuwa unakohoa, lakini walipopata habari za msiba walikuja mbio kutoka Dabani na Buteba, na hamu ya kula wakaja nayo. Kuku wakaisha. Yule mbuzi wako mbishi akaisha. Siku tuliyokuzika, jioni, Baba Mdogo Othieno alisimama mbele ya vibanda vyako akijikuna tumbo. "Hii nyama ya masikio iko hapa nafanya nini?" akasema. "Kesho nachinja yote. Watu nakula." Kwa desturi hakukosea, maana kilichomo kwenye boma la marehemu huliwa na waliokuja kumlilia. Mimi nikaenda kutafuta chumvi.

Akoth alimsikia. Asubuhi tulikuta vibanda vyote viko wazi, na mdogo wangu ameketi mlangoni pa jikoni, sketi imelowa umande, kikapu chako kiko miguuni. Hakukana. "Mimi napeleka hao kwa mjomba yao," akasema.

Hayo ni maneno yako, Baba. Kila mlipomwona sungura wa porini akikatiza shamba la mtama ulimwambia, "Salimia mjomba," naye akapunga mkono, mkacheka nyote wawili. Mama alituacha Akoth akiwa bado ananyonya. Wewe ndiye uliyemfundisha kila kitu, hadi kuanika majani yanyauke kwanza ili sungura wasivimbiwe. Angejuaje kwamba hili moja lilikuwa utani? Aliwabeba mpaka kwenye vichaka vya kinamasi, akawaweka chini, akawaagiza waseme wametoka kwako, kwa Owor. Nakulaumu kidogo. Siwezi kukuandikia uongo.

"Wataishi?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Sasa najua, na ningependa nisijue.

Yule wa porini ana rangi ya udongo. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi, karibu tayari kukimbia. Wako walikuwa weupe kama shati la Jumapili lililoanikwa. Walizaliwa uchi, macho yamefumba, ndani ya sanduku ulilolipigilia misumari mwenyewe. Hawakuwahi kukimbizwa na chochote. Na tena, Baba, uliwalea vizuri mno. Wakisikia nyayo walisogea, wakidhani ni wewe na majani yako. Ndivyo walivyokufa. Jirani yetu wa kule bondeni alisema mbwa wake hawakuhitaji hata kukimbia. Mwewe naye alijichukulia wake mchana kweupe. Mmoja nilimkuta kando ya njia, siafu wamemfunika.

Na mjomba? Mjomba nilimwona kwa macho yangu nilipokwenda na Akoth kuwatafuta. Alikuwa ameketi kwenye nyasi fupi. Mmoja wa weupe wako akawa anamwendea, anachechemea, mguu umeumia. Mjomba aliinua masikio, akamtazama, halafu akaenda zake. Hakumfukuza wala hakumkaribisha. Akoth aliniachia mkono.

Ni Bibi Harusi tu aliyerudi, yule jike uliyempa jina kwa weupe wake. Hukumbuki alikuwa na mimba? Vibanda vilikuwa vimeshabomolewa, mbao zimekuwa kuni za waombolezaji, basi akatafuta udongo laini. Boma zima lilikuwa na udongo laini mahali pamoja tu. Akachimba kwenye kaburi lako, upande wa kichwa. Akajinyonyoa manyoya ya kifuani, akatandika, akazaa humo.

Nilipoona yale manyoya meupe mdomoni mwa shimo nililia kwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa nimejikaza kama askari, napika, napokea watu. Pale nilikaa chini kwenye vumbi nikakulilia, Baba, nikakulilia kwa sauti mpaka wanawake wakaja kunishika.

Wazee waliona jambo jingine. Mnyama kuchimba kaburi ni mkosi, walisema, atauita ukoo mzima humo shimoni. Baba Mdogo akachukua jembe. Lilikuwa jembe lako, lile lenye mpini mpya. Bibi Harusi alisikia nyayo zake, akatoka shimoni kumlaki.

Siandiki zaidi hapo.

Vitoto vilitupwa kando, vyekundu, havina hata unyoya. Akoth aliviokota, akaviweka ndani ya blauzi yake, kifuani, akakaa navyo nyuma ya jiko. Nilimwacha. Alikaa navyo mpaka vikapoa, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipopoa alinipa mimi nikizike. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Halafu ukoo ukakaa. Wakagawana ng'ombe na shamba, wakafika kwa Akoth. Baba Mdogo akasema, "Huyu nakwenda na mimi Buteba. Nasaidia mama huko na maji." Wote wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba ni jembe limepata mwenyewe. Ni ndugu zake, walisema, damu yake, ataenda wapi kwingine? Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka kumfuata, mtiifu kabisa, kwa sababu amesikia nyayo.

Nikasema hapana.

Unajua maneno niliyoambiwa. Binti aliyeolewa hana kiti kwenye kikao. Mtoto wa ukoo halelewi kwa watu wengine, tena ng'ambo ya mpaka, kwa Wasamia wa Kenya. Wakasema nikimchukua nisirudi, hata siku ya kumaliza matanga yako nisionekane. Nilimshika mkono tukapanda bodaboda. Kwa hiyo siku hiyo ikifika, Baba, usinitafute kati ya watu. Sitakuwapo, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa tuko Busia, upande wa Kenya, nyuma ya kibanda changu cha mitumba. Wafula, mume wangu, hajakataa wala hajakubali. Anasema "tutaona", na neno hilo linaninyima amani, kwa sababu chumba ni kimoja na ndugu zako wamempigia simu. Akoth anakula kidogo. Hazungumzi na watoto wa jirani. Nguo zake hajazitoa mfukoni, anachomoa moja na kuufunga tena. Kila asubuhi anachuma majani kando ya ukuta, anayaanika juu ya bati yanyauke kama ulivyomfundisha, halafu hayamhusu tena. Upepo unayachukua. Jana aliniuliza Buteba ni mbali na hapa, na kama mtu anaweza kurudi akikuta si pazuri.

Lala, Baba. Udongo tuliusawazisha kabla sijaondoka, na yale manyoya sikuyatoa, niliyafukia nawe. Mengine siahidi, maana sijui Wafula ataamka na neno gani. Hili naahidi. Nikiwa hai, hakuna atakayemfungulia Akoth mlango na kumwambia aende kwa ndugu zake.

Binti yako,
Awor