Hatua Kumi na Moja za Mama

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Mgongo umepoa au bado unakuamsha alfajiri? Sisi huku wazima, ila watoto wanapokezana mafua kama mpira, akipona huyu anadaka yule. Jana nimeongea na Mama. Ameniambia unamkanda mguu kila asubuhi na kwamba mkono wako mzito kama wa mwashi. Alikuwa anacheka. Tangu apate kiharusi sikuwa nimemsikia akicheka vile. Asante, dada.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Kitinda mimba wetu ameniomba mimi nipige picha za harusi yake. Aliyetaka hasa ni wifi yetu mtarajiwa. Ameziona zile picha zangu za harusi za bustanini, moyo wake ukatua hapo. Nilimuuliza mdogo wetu, "Na dada je, ambaye mnaishi naye mtaa mmoja?" Akajibu, "Dada ni wa picha za vitambulisho." Nakuandikia kama alivyosema, maana ni heri uyasikie kwangu kuliko kwa shangazi, ambaye atayatia chumvi. Naomba usinikasirikie. Sikuipigania kazi hii.

Sasa nina shida. Harusi ni tarehe 22, katika ule ukumbi wa karakana ya zamani, wenye dari jeusi na dirisha kubwa la kioo nyuma ya jukwaa. Mimi nimezoea nje, jua na majani. Humo ndani sijawahi kupiga hata picha moja, wewe umepiga tangu enzi za Baba. Nitafika jioni ya kuamkia harusi, na asubuhi yake ukumbi una mkutano wa watu wengine, kwa hiyo sitapata nafasi ya kujaribu chochote. Niambie tu: flashi niielekeze wapi? Mapazia yafungwe au yafunguliwe? Ndoa inafungwa saa kumi alasiri.

Nakutegemea wewe.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ni wa umri, hauna dawa. Wape pole watoto, wape na maji ya moto. Mama anaendelea vizuri. Kuna kitu anakifanya chumbani kwake mchana akiwa amefunga mlango, nasikia fimbo ikigonga sakafu, nikiuliza ananiambia nishughulike na yangu.

Habari ya harusi nilishaipata kwa shangazi kabla ya barua yako. Alinipa huku ananitazama usoni kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Hayakuchemka. Nilimuuliza kama ataongeza sukari kwenye chai.

Usiwe na wasiwasi, sina kinyongo. Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya kamera katika studio ile. Huyo bwana harusi nilimpiga picha akiwa na siku tatu, akiwa na meno mawili, akiwa amevaa joho la kuhitimu ambalo lilikuwa linamburuta. Kwa hiyo nikipumzika siku moja si vibaya. Na picha za vitambulisho nazo zina heshima yake. Sijasikia mtu akivuka mpaka kwa picha aliyopigwa kichakani.

Zako nimeziona. Shangazi alinipitishia simu yake, moja baada ya nyingine, na kila moja akisema, "Tazama hii! Hebu tazama na hii!" Nilitazama. Nzuri. Jua linakufanyia kazi, nawe unajua pa kusimama.

Kuhusu ukumbi, si mgumu kama unavyoogopa. Flashi ielekeze juu, darini. Mwanga utashuka laini kama unga. Na mapazia ya nyuma ya jukwaa waambie wayafungue yote. Mwanga wa saa kumi pale ni mtamu sana, utawapendezesha. Ukutani usihangaike nako.

Mimi nitakuja kama mgeni. Nimeshona gauni. Kamera nitaiacha nyumbani ili mtu asiseme nimekuja kushindana.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo? Mguu haukuvimba baada ya ile siku? Hali yako sikuulizi leo. Nimejikaza wiki nzima nisikuandikie nikiwa na hasira, lakini hasira yenyewe imekataa kuondoka, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nilifuata maneno yako neno kwa neno. Ni mimi niliyemwambia mlinzi wa ukumbi afungue mapazia. Yule baba akaniuliza, "Una hakika, mama? Wapiga picha wote huniambia niyafunge. Hata yule dada wa studio." Nikamwambia, "Huyo dada wa studio ndiye aliyenituma." Akanyanyua mabega, akavuta kamba.

Jua likaingia lote. Kila aliyesimama mbele ya kile kioo akawa kivuli. Nikapiga flashi juu kama ulivyoniagiza, na lile dari jeusi likaumeza mwanga wote, haukurudi hata wa kulambia. Nikaongeza nguvu. Giza. Nikaongeza tena. Giza. Jasho likanitiririka mgongoni, na watu wameshakaa, na muziki umeshaanza.

Ndipo ule mlango wa kando ya jukwaa ukafunguliwa na Mama akaingia.

Sote tulikuwa tunangoja kiti chake cha magurudumu. Alikuja kwa miguu, dada. Bila kiti na bila fimbo, ameshika mkono wa bwana harusi mwanawe tu, akapita mbele ya lile dirisha mpaka kwenye kiti chake cha mbele. Nilihesabu. Hatua kumi na moja. Mjomba akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Mimi nilikuwa napiga. Nilipiga picha saba, na nilipotazama kioo cha kamera, zote saba zilikuwa nyeusi. Dirisha jeupe, na mbele yake watu wawili weusi kama mkaa. Humtambui mama yako wala mtu mwingine.

Nilisimama nikutafute. Ulikuwa safu ya tatu, gauni la zambarau. Macho yetu yalikutana. Wewe ukatazama chini.

Hapo ndipo nilipojua.

Ndoa yenyewe niliiokoa kwa bahati tu. Shangazi aliniita kutoka pembeni, "Nipige na mimi, au mimi si mtu?" Nikasimamisha kamera wima ili nimpate pamoja na kilemba chake. Kichwa cha flashi, kilichokuwa kimetazama juu, kikageukia ukuta wa kushoto. Na shangazi akatoka! Uso, kilemba, hereni, kila kitu. Ule ukuta ni mweupe, dada. Ukuta ulioniambia nisihangaike nao. Nikamkimbilia mlinzi afunge mapazia, nikaelekeza flashi ukutani, na kuanzia viapo mpaka mwisho picha zote ni nzuri. Wifi amezifurahia. Wao hawajui kitu.

Lakini Mama hatapata ile moja, na sina la kumwambia. Nakuuliza swali moja tu, naomba ulijibu kwa kalamu yako: ulijua?

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Mama hajambo. Mguu ulivimba siku mbili, ukapungua. Barua hii nimeianza mara tano na kuichana mara nne, ndiyo maana imechelewa.

Nilijua.

Dari lile lilinitesa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Niliharibu ndoa nzima ya watu humo, na Baba ndiye aliyenionyesha ukuta wa kushoto. Hakuna mpiga picha katika mji huu anayelijua kuliko mimi. Nilipokuandikia "juu, darini," kalamu haikunisita hata kidogo, na nilipofunga bahasha nilijisikia mwepesi.

Sikutaka harusi iharibike. Nisikilize kabla hujaitupa karatasi hii. Nilipanga hivi: utahangaika dakika kumi, watu waanze kunong'ona, kisha mtu mmoja, mjomba au bwana harusi mwenyewe, ageuke aseme, "Dada, hebu msaidie mwenzio." Nami ningenyanyuka taratibu. Nilishafanya mazoezi ya namna ya kunyanyuka. Ningefunga mapazia, ningeugeuza mkono wako kidogo tu, na wote wangeona. Yule wifi naye angeona. Ndiyo maana gauni nililishona la mikono mifupi, ili niweze kufanya kazi.

Ulipoanza kutoka jasho, nilifurahi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilifurahi moyoni mpaka nikajisikia nina miaka ishirini. Halafu Mama akaingia.

Nilikuwa na muda. Hatua kumi na moja za mgonjwa si haraka. Ningeweza kupiga kelele, "Pazia!" au "Ukutani!" na ungenielewa. Lakini ningepiga kelele, kila mtu angeuliza kwa nini sikusema mapema. Basi nikakaa. Nilimtazama mama yangu akitembea huku nikijua kuwa hakuna anayempiga picha, na aliyesababisha ni mimi.

Unataka kujua ni nini hasa? Si harusi. Ni kwamba wewe uliondoka. Uliondoka, ukaniachia studio, na Baba aliyeugua, na Mama aliyeugua, kisha ukarudi na mkoba mmoja na watu wakakupisha mlangoni. Mimi wananiita wakiwa na haraka ya pasipoti. Nimekuonea wivu muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ni maumivu ya mgongo.

Mama anauliza picha yake kila siku. Nimemwambia bado unazisafisha.

Dada yako

27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, siwezi mara ya pili. Mimi nami nimekuonea wivu miaka yote. Wewe Baba alikushika mkono akakuonyesha ukuta. Mimi aliniambia nitafute kazi ya ofisini. Lakini sikuwahi kukuchimbia shimo.

Usimwambie Mama kuwa nazisafisha. Mwambie ukweli, kwa mdomo wako, mimi nisiwepo. Ndani ya bahasha hii nimeweka kadi ya kamera yenye zile picha saba kama zilivyotoka. Mimi sitaki kuziona tena.

Usiniandikie kabla hujamwambia.

Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima nyote, na kwamba mdogo kabisa amepona kikohozi. Shangazi ndiye aliyeniambia. Mimi mzima. Mama mzima, na sasa anafika jikoni peke yake akishika ukuta.

Nimemwambia. Nilimwambia Jumapili ile ile nilipopata bahasha yako, akiwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Ulifanya makusudi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa ajili gani?"

Nikamwambia, "Ni roho ya kwa nini. Kwa nini yeye, kwa nini si mimi."

Hakunigombeza. Aliomba nimwitie shangazi. Na siku tisa, mdogo wangu, hakunipa mguu wake niukande. Nilikuwa naamka, napasha mafuta, nafika mlangoni kwake, namkuta shangazi ameshaanza na mikono yake isiyojua kitu, na Mama ananiambia, "Funga mlango ukitoka." Ningepigwa fimbo ingekuwa afadhali.

Siku ya kumi nilimwambia nitakuomba uje, tumvalishe lile gauni la harusi, atembee tena mbele ya dirisha, safari hii na mapazia yamefungwa. Akanitazama sana. "Siku ile nilikuwa namsindikiza mwanangu," akasema. "Mnataka nimsindikize nani tena?"

Ndipo nikafungua ile kadi yako. Sita hazifai, hata mtu afanye nini. Ya tatu niliikalia wiki mbili, kila baada ya kufunga duka. Nilikuwa nauvuta mwanga kutoka gizani kidogo kidogo. Ukivuta sana uso unakuwa kijivu, ukiacha unapotea. Imetoka na chenga kama mchanga. Uso wa Mama unaonekana nusu tu. Mkono wake umeshika mkono wa koti la kitinda mimba mpaka kitambaa kimejikunja. Na miguu yake inaonekana yote miwili, mmoja hewani.

Hapo niliumia upya, nikakaa chini. Kumbe, vichwa vya safu za mbele vilipokuficha, ulikuwa umelala kifudifudi sakafuni, na nguo zako za harusi, ili upate miguu! Watu wote walikuwa wanamtazama usoni, wewe peke yako uliona kuwa habari iko miguuni. Mimi ningesimama, mdogo wangu. Mimi, na miaka yangu ishirini na miwili na ukuta wangu wa kushoto, ningepiga uso ulioangazwa vizuri, na ingekuwa picha ya mwanamke amesimama karibu na dirisha. Nilikuonea wivu usiku kucha, na safari hii ulikuwa wivu wa haki.

Mama nilimpelekea imechapwa. Aliigusa kwa kidole. "Huu ndio mguu mbovu," akasema, "tazama ulivyonyanyuka." Kisha akanipa mguu wenyewe, nikaukanda.

Nimechapa nyingine kubwa na kuitundika studio, mbele kabisa, pale ilipokuwa picha yangu ya daraja iliyopewa zawadi. Wateja wanauliza nani amepiga. Siku ya kwanza nilisema, "Ni ya familia." Siku ya pili nilijifanya sijasikia. Jana aliingia mwalimu mmoja wa kike, akasimama mbele yake mpaka nikadhani amesahau kilichomleta. Akauliza. Nikamwambia, "Mdogo wangu." Bado neno hilo liliniuma kulitamka, sikufichi.

Akaniambia binti yake anaolewa Agosti, katika ukumbi ule ule wa dari jeusi, na kwamba alikuwa amekuja kuniomba mimi nipige.

Nimempa namba yako.

Dada yako