Mjomba na Kura Zake Tatu

Ahmednoor, nimekwisha.

Katika uchaguzi huu wa Mwingereza, Mjomba Changawa amepewa kura tatu, kwa shamba lake, umri wake na utumishi wake. Hajui kusoma, basi alitakiwa amnong'oneze karani jina. Mimi kwa mzaha nikamwambia, kwa uso wa ibada, kwamba mwenye kura tatu hulitaja mara tatu, kwa sauti ya kuitia kivuko ng'ambo ya mto.

Akaita kweli. Mara tatu, ndugu yangu. Garsen nzima imesikia, na jina si la mgombea anayetakiwa na chifu.

Chifu akauliza, "Nani kakufundisha?"

Mjomba akajibu, "Hakuna. Mimi ndivyo ninavyosema."

Amefungiwa kwa chifu, na amenitumia salamu nisome kwa bidii.

Naenda kwa chifu kusema ukweli sasa.