Folda la Wasio na Jina

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Bushiri, yule kijana wa kompyuta, kashuka na basi la Dar. Kaja na programu ya imeli aliyoitengeneza mwenyewe, anataka kuijaribu kwenye kompyuta ya kibandani kwangu, ninapowapokelea watu barua. Mie darasa la nne, leo eti mtaalamu! Barua zote za watu wa Kibiti zinaingia kwenye anwani yangu moja, nazigawa kwenye mafolda, kila mtu na folda lake; zisizotaja mtu nazitia folda la Wasio na Jina. Kulitafuta folda sasa, kwa programu yake — uandike jina lote bila kukosea. Nikaandika Mwana Amina, kwa kuachanisha, kumbe folda limeunganisha. Hakuna! Nikamwambia, Bushiri, huku si kutafuta, huu ni mtihani wa la saba, ndiyo maana mie niliukimbia mapema. Kacheka mpaka kakohoa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemkalisha Bushiri pembeni asikilize wateja wanavyouliza. Mzee wa Mbwara: nataka ile ya mkwe wangu. Jina? Kashtuka kama nimemvua msuli. Atalitajaje jina la mkwewe mbele za watu! Mama wa Nyamisati: ile yenye habari za mashine ya boti. Hakuna hata mmoja aliyeanza na jina.
Nikamwambia, weka kasanduku kamoja tu. Mtu aandike anachokumbuka — mji, mtoto, boti. Katafute mpaka ndani ya barua, mafolda yote, kaonyeshe hata hajamaliza kuandika. Bushiri kanitazama. Kasema, da Rukaya, ungesoma wewe, sisi tungekosa kazi.
Alasiri kaja shoga yangu Sijaona, kama kila Jumanne. Mumewe Ridhiwani yuko Durban, mwezi wa kumi na nne huu, kimya. Leo hakuuliza barua! Kasema Ijumaa baada ya sala anakwenda kwa shehe avunjiwe ndoa. Na kwa kuwa mie ndiye nishikaye barua, nikaseme kwamba haijaja hata moja. Nikamtania: huyo kashaoa Mzulu, shoga yangu, yuko anakandwa mgongo. Kacheka kidogo. Nikakubali kwenda.

Alhamisi, 7 Agosti
Ya Rabi!
Kasanduku kamekamilika. Bushiri kasema andika chochote. Nikaandika Durb — sijamaliza! — zikamwagika barua nane. Nane! Zote folda la Wasio na Jina. Juu zimeandikwa Nyumbani, basi. Chini: Ridhiwani.
Mwanamume wa kwetu haweki jina la mkewe mahali macho ya watu yanapita. Anaandika Nyumbani. Mie nayajua hayo! Baba yangu alimwita mama vivyo hivyo hadi anakufa. Lakini anwani iliyotuma ni minamba mitupu, nikadhani matangazo. Na barua isiyo na jina sifungui, ni amana ya mtu. Nikajiona mwaminifu. Mwaminifu gani!
Nimesoma mbili. Anauliza, mtoto ameanza kutembea? Mbona hunijibu? Ya mwezi jana: kama nimekukosea, niambie kosa.
Bushiri anashangilia, programu inafanya kazi. Nikamwambia nyamaza.
Nikazichapa zote nane kwenye karatasi, nikakimbia kwa Sijaona. Hayupo. Kaenda Mchukwi kwa mamake, atarudi kesho.

Ijumaa, 8 Agosti
Naandika ukumbini kwa shehe, daftari juu ya goti. Wanaume wamo ndani, mlango wazi. Babake Ridhiwani kakaa karibu kabisa na mlango, kainamisha kichwa.
Sijaona nimemkuta nje. Nikamvuta kando, nikamtia zile karatasi mkononi. Nikasema zilikuja, zote, kwangu zilikaa, kosa langu mie. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga! Kazipima kiganjani kama mtu anayepima samaki. Kusoma hajui. Nikusomee? Kasema hapana.
Kisha kanirudishia. Kazichomeka mwenyewe ndani ya kanga yangu, kwapani.
"Zingekuja wakati nalia, ningezimeza," kasema. "Sasa nimeshanyamaza, da Rukaya. Ingia ukaseme yale unayonambia kila Jumanne: haijaja."
Mie! Mie nimeikaza kanga, nimeketi! Mie ninayetania hata msibani!
Dua imekwisha. Shehe anauliza, yuko wapi huyo mshika barua. Sijaona ananitazama, hapepesi. Karatasi zinachakarika kwapani kila nikivuta pumzi — babake Ridhiwani kageuza kichwa —