Ubeti wa Tatu wa "Kiti Chako"

Alhamisi, 1 Oktoba 1998
Dawa. Uji. Kisha binti yangu Rehema kanifunga vifungo vya blauzi, maana vidole vyangu havinitii tena. Ananifunga haraka, kama anavyowafunga wagonjwa wake hospitalini. Naona aibu. Vidole hivi vilipiga kinanda.
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Najua. Ni wangu.

Jumapili, 4 Oktoba
Kanisani Alief, mtaa wetu huku ughaibuni. Kwaya ya Wakongo imeimba "Kiti Chako Ki Wazi". Nilidhani nimepoteza fahamu. Wameuimba polepole, kwa kilio, lakini sauti zote nne zilikuwa mahali pake.
Baada ya ibada nikamwuliza mwalimu wao, Papa Bahati, ameutoa wapi.
"Huu ni wimbo ya kuzika, Mama. Kwetu Bukavu tunauimbaka siku ya maziko. Aliuandika askari moja, mwenye alikufia ku vita."
Askari! Nikamshukuru tu.
Garini Rehema akasema, "Mama, wimbo mzuri jamani. Usinielewe vibaya, siku yako tutauimba huo."
Mtunzi yuko hai, amefungwa mkanda kiti cha mbele.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimetoa karatasi yangu sandukuni. Imekuwa ya njano, lakini nota za do-re-mi zinasomeka zote. Mwandiko mzuri. Nasema hivyo bila unyenyekevu.
Niliuandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, nikiwa chuo cha ualimu karibu na Moshi. Kijana anayeondoka, msichana anayemwekea kiti mezani kila jioni. Beti tatu. Bibi mkuu wa chuo, mmisionari, aliusifu. Alipofika ubeti wa tatu akachukua penseli nyekundu.

Ukirudi huna macho,
uso wangu upapase;
ukirudi huna mkono,
vifungo nitavifunga.

"Anapapasa nani? Hapana." Wakachapa beti mbili tu. Askari waliweka karatasi hizo mifukoni, na wimbo ukaenda nao. Umefika Bukavu bila mimi, bila viza. Nani mwingine wa darasa letu ana cha namna hiyo?
Leo nimeelewa kosa la Wakongo. Si kosa. Ukiukata ubeti wa tatu, kiti kinakuwa cha marehemu. Sikuandika maombolezo. Niliandika kungoja. Sitaki kuzikwa na nusu ya wimbo wangu.
Lakini ubeti ule unaeleza mtu aliyekwenda vitani. Baba yake Rehema hakwenda. Alikuwa karani wa reli Tanga vita vyote. Rehema atauliza.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimemwambia asubuhi, kabla ya uji. Wimbo ni wangu. Niliuandika kwa ajili ya Elieza, mwanafunzi mwenzangu, aliyekwenda Burma. Hakurudi. Nilimpenda kuliko kitu chochote. Sitaki kufa nikiwa nimemficha.
Rehema akasimama na sufuria mkononi. "Kwa hiyo Baba alikuwa nani?"
Mume wangu, nikasema. Nilimpata baadaye, nikampenda vingine. Naye alijua yote. Ule mluzi aliokuwa akipiga akinyoa ndevu, hukuukumbuka Jumapili? Ndio huo. Nilimfundisha mwenyewe.
Rehema akaweka sufuria chini. Amekwenda kazini bila kunifunga vifungo. Nimeshinda na gauni la kulalia. Nimelia. Sijuti.

Jumamosi, 10 Oktoba
Sikutegemea kwenda popote. Saa nne Rehema akaingia na viatu vyangu. Macho yamevimba.
"Twende mazoezi ya kwaya, Mama. Niko off leo, nita-drive. Na karatasi yako uichukue."
Njiani akaanza mluzi, akashindwa katikati, akaendelea.
Papa Bahati aliisoma karatasi akiwa amesimama. Alipofika kwenye vifungo akacheka mpaka akakaa. "Mama! Kumbe huyu mutu iko muzima! Na sisi tunamuzika kila mwaka!"
Nikawafundisha. Haraka zaidi, nikawaambia, huyu msichana anapika, anatazama mlango, halii. Sauti ya pili walikosea mara moja tu. Mara ya mwisho waliimba beti zote tatu, na nikasikia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, wimbo wangu mzima.
Papa Bahati akauliza aandike nini mahali pa mtunzi. Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi. Akauliza kama aongeze la yule askari. Hapana. Elieza alikuwa sababu. Kazi ni yangu.

Jumatatu, 12 Oktoba
Mvua nyepesi. Dawa. Uji.
Rehema kanifunga blauzi. Polepole, kuanzia chini. Alikuwa akiimba kwa kuvumisha, midomo imefungwa. Ubeti wa tatu.
Alipofika kifungo cha juu nikainua kidevu.