Jina la Nyabuto Ubaoni

Baba Kemunto mpenzi,

Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma nikiwa bado nimevaa koti. Nimefurahi kusikia kwamba kikohozi kimekuacha, na kwamba mama yako anashuka tena mpaka kwenye migomba bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uingereza bado inaniuma vidole, ila nimeizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi.

Uliniuliza, kwa ule upole wako, kwa nini makala niliyokutumia ina jina la baba yangu, Nyabuto, na si lako, ilhali tulifunga ndoa kanisani mbele ya Kiogoro nzima. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze yaliyotokea.

Unajua kazi yangu ni kuchoma udongo kwenye tanuri la maabara na kuchunguza kwa nini mwingine hupasuka na mwingine huwa mgumu kama jiwe. Makala ya kwanza niliiandika Nairobi kabla hujanioa, ya pili nikaiandikia hapa. Huku kuandika tu hakutoshi. Wanaangalia kama watafiti wengine wanaitaja kazi yako katika makala zao, kwa maana wameisoma na ikawafaa. Zangu, kwa walivyojua hapa, hakuna aliyezitaja. Profesa wangu, ambaye si mtu mbaya, aliniita akaniambia idara itakaa kuamua kama niendelee au nirudi nyumbani bila shahada. Sikukuandikia hayo. Ungekosa usingizi bure.

Kabla ya kikao hicho alikuja mgeni, mtaalamu mzee kutoka India, kutuhutubia. Mimi nilikaa nyuma. Akasimulia alivyohangaika na matofali ya matanuri ya kuyeyushia chuma, yakimpasukia kila mara, mpaka alipojaribu njia ya mtafiti mmoja. Akageuka akaandika ubaoni: Nyabuto. Akasema amemtaja katika makala zake, zilizochapishwa kwao India na ambazo huku hazijafika, wanafunzi wake nao wanamtaja, na angependa sana kukutana na bwana huyo.

Watu wakageuka kunitazama. Nilisimama.

"Ni mimi," nikasema.

Akavua miwani. "Basi niambie, bibi," akasema, "ule udongo wa kwanza uliutoa wapi? Wangu haukubali kama wako."

Nikamwambia ni wa kwetu Nyansiongo, bondeni, chini ya shamba ambalo baba alilipata Wazungu walipoondoka, pale ng'ombe wanaponywea maji. Tuliongea mpaka chai yetu ikapoa. Tangu nije huku, wengi wameniuliza maswali ili waone kama najua. Yule aliniuliza kwa sababu alitaka jibu.

Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Ninaendelea mpaka nimalize.

Sasa lile jina. Profesa alinieleza kwamba nikilibadilisha, wanaomfuata Nyabuto watadhani amekufa, na huyo mpya ataonekana kama mtu ambaye hajafanya lolote. Kwa hiyo hata makala ya tatu nimeituma kwa jina la baba. Najua shangazi zako watasema. Waambie mimi ni mke wa Onchiri nyumbani, ni mke wa Onchiri kanisani, na hata pasipoti yangu inasema hivyo. Lakini kama wewe mwenyewe linakukera, niandikie wazi. Nakuomba tu usininyamazie.

Nisalimie mama, ambaye analea mtoto wetu kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Nisalimie kaka yangu Omwenga, anayeangalia chai na ng'ombe wa baba, na dada yako wa Kenyenya anayeshona sare za shule. Baba yangu mwambie habari hii taratibu, ukiwa upande wa sikio lake zima, na umpe nafasi ya kukuuliza mara ya pili.

Umesema Kemunto anawaambia wenzake kwamba mama yake amekwenda Ulaya kufinyanga vyungu. Usimsahihishe. Nikija nitamfinyangia kimoja, kitoke kimepinda na kuvuja, aone mwenyewe kwamba mama yake alikuwa akisomea kitu kingine.

Wako akupendaye,
Moraa